Mkuu, usipime kiuno kwa saizi ya suruali

Hebu soma tena ulichoandika: "BMI yangu 24, navaa 34 miaka yote, kitambi kidogo tu. Ninunue mzani gani wa kupima mafuta, na nianze na mazoezi gani?" Achana na mzani. Hiyo 34 ndiyo iliyoniponza mimi.

Nilikuwa na kilo 70, urefu sentimita 170, BMI (ile namba ya uzito ukilinganisha na urefu) 24 na ushee. Jamaa wa gym, kifua kama geti la godauni, akanambia "uko fiti kaka, hiyo ni gesi." Gesi! Na ada ya miezi sita nikamlipa. Suruali kweli ilikuwa 34, ila nilikuwa naifungia wapi? Chini ya tumbo. Kila mwaka mkanda unashuka kidogo, tumbo linaukalia kama andazi lililoumuka, na mimi natamba sijanenepa. Mke wangu akiuliza mbona mashati yanapanda mbele, namsingizia fundi cherehani wa watu.

Siku nimeenda zahanati kwa kiu isiyoisha na kukojoa usiku kucha, nesi akachukua futi kamba. Akapapasa mbavu ya mwisho, akapapasa juu ya mfupa wa nyonga, akaizungusha katikati ya hapo. "Toa pumzi baba, usibane tumbo." Sentimita 99. Nikamwomba arudie. 99. Sukari kabla sijala kitu: 11.3. Sasa metformini, dawa ya kisukari, ndiyo kitoweo changu.

BMI inajua kilo na urefu tu, haijui mafuta yamekaa wapi. Ya mapajani na makalioni, chini ya ngozi, hayana fujo sana. Yaliyojibana ndani, kwenye ini, kongosho na utumbo, ndiyo yanayoifanya insulini, ile inayoshusha sukari mwilini, isisikilizwe, presha nayo inafuata. Mimi miguu ya korongo, mzigo wote mbele, halafu najiita mwembamba.

Kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Basi. Chukua kamba, kata sawa na urefu wako, ikunje mara mbili, izungushe pale alipopima nesi. Ncha zisipokutana, kesho asubuhi usinywe hata chai, nenda kapime sukari, presha na mafuta ya kwenye damu. WHO wenyewe kwa wanaume wanaanza kuonya sentimita 94, na 102 ni hatari kubwa. Mimi kwa ufupi wangu huu, 85 tu ilikuwa kelele tosha.

Mazoezi watakujibu wengine. Wewe leta namba hapa leo, ya kamba, siyo ya suruali.