Chemchemi ya uani inayorudia kijani

SWALI: Ndugu Mshauri, nyumba yetu ya wageni iliyopo Bagamoyo ina chemchemi ya mapambo katikati ya ua, iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa. Kila baada ya wiki mbili kuta za beseni lake hufanya ukoga wa kijani unaoteleza. Fundi amenishauri nitie mrututu, na msaidizi wangu husugua kwa siki na brashi ya waya. Ndege hunywa maji humo, na tumefuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Nifanyeje?
Mwenye nyumba ya wageni, Bagamoyo

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza mwondolee lawama msaidizi wako, kwa maana ukoga huo haurudi kwa sababu ya uvivu wa kusugua. Ni mwani mdogo mdogo unaoishi kwa jua na chakula, nao hupata vyote viwili uani kwako: jua la mchana kutwa, pamoja na kinyesi cha ndege, majani yaliyooza, mabaki ya chakula cha samaki na mbolea inayochuruzika kutoka kwenye vyungu vya maua. Jiwe la matumbawe nalo lina vitundu visivyohesabika, ambamo mwani hubaki umejificha hata pale ukuta unapoonekana mweupe.

Mrututu ni chumvi ya shaba na kweli huua mwani, lakini kiasi kidogo tu hutosha kuua na samaki, na shaba hiyo haiozi bali hubaki beseni ikilimbikizana kila unapoongeza. Uache dukani. Siki ina kosa la namna nyingine: jiwe la matumbawe na chokaa vyote kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kabonati, ambayo huliwa na asidi, kwa hiyo vile viputo anavyoviona msaidizi wako anapoimwaga ni jiwe lenyewe linaloyeyuka. Brashi ya waya humalizia uharibifu kwa kuchimba mikwaruzo, ambayo ni makazi mapya ya mwani, na vipande vya waya vinavyokatikia humo huacha madoa ya kutu.

Siku ya usafi, zima pampu na uchomoe waya kwenye umeme kabla ya kutia mkono majini. Wahamishie samaki kwenye ndoo yenye maji yao wenyewe, mwaga yaliyobaki kwenye miti, kwani maji ya mwani ni mbolea nzuri maadamu hayajatiwa dawa, kisha sugua kuta zikiwa bado mbichi kwa brashi ya nyuzi laini au kumbi la nazi. Ukoga ukikauka hugandamana na jiwe, na kazi huwa mara mbili. Fungua pampu pia, usafishe pangaboi lake kwa mswaki wa zamani na ukamue sponji ya chujio, maana watu wengi husafisha beseni likang'aa huku wakiiacha pampu imejaa utelezi uleule.

Pale ambapo brashi imeshindwa, na beseni likiwa tupu, unaweza kupaka dawa ya klorini ya kufulia iliyopunguzwa makali kwa kikombe kimoja cha chai katika lita 10 za maji, uiache robo saa, kisha usuuze mara kadhaa hadi harufu iishe kabisa. Isikutane kamwe na siki, kwa sababu vikichanganyika hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Wala usiifanye kuwa desturi ya kila mwezi, kwa kuwa huacha chumvi ndani ya vitundu vya jiwe, nayo ikikauka hulibambua.

Kinachopunguza mwani kwa kweli ni kivuli. Paa dogo la makuti au michikichi ya vyunguni upande wa jua la adhuhuri litasaidia kuliko dawa yoyote. (Yungiyungi hupendekezwa sana, lakini hayapendi kurushiwa maji, hivyo hayafai chini ya chemchemi.) Okota majani kila siku, wape samaki chakula kidogo, na uiache pampu ifanye kazi mchana na usiku. Najua bili ya umeme inauma, ila maji yaliyotuama hukaribisha mwani na mbu kwa pamoja, na katika joto la pwani yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi.

Kama unajaza beseni kwa maji ya bomba, yaache wazi kwa siku nzima pampu ikizunguka ili klorini ipungue, ndipo uwarudishe samaki.