Nim iongezwe, ila apatikane wa kuitunza

Umeuliza kama uiongeze Nim, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwenye tovuti yako ya mifano ya msimbo (code), ilhali wanaoitumia ni wachache. Mimi ningeiongeza. Uchache wa watumiaji haunitishi. Ndio hasa wanaohangaika kupata mifano. Kinachonitia wasiwasi ni matunzo. Toleo la 2.0 lilitoka 2023 likabadilisha usimamizi wa kumbukumbu ya kompyuta (memory), kwa hiyo mfano wa zamani unaweza kugoma. Kila mfano uandikwe namba ya toleo lake, na ujaribiwe upya likitoka jipya.

Halafu chagua mtindo mmoja wa kuandika majina ndani ya msimbo: kwa Nim, jinaKamili na jina_kamili ni kitu kimoja (raha kwa mwandishi, balaa kwa msomaji mgeni). Ukikosa mtu wa kuitunza, iache kwanza.