Maswali na majibu: renjifainda za filamu, betri, pazia na fokasi

Maswali mengi tuliyopokea safari hii yanahusu kamera kuukuu za filamu aina ya renjifainda, zile ambazo unaweka fokasi kwa kuunganisha taswira mbili ndani ya dirisha la kutazamia. Haya ndiyo yanayojirudia.

Swali: Wanaozipenda wanazisifu mno. Zinaishinda SLR (kamera ya kutazamia kupitia lenzi yenyewe kwa kioo) kwa lipi?

Ndani hazina kioo cha kupanda na kushuka. Mlio ni mdogo, mtikisiko ni mdogo, na dirisha halizibiki unapofyatua, hivyo ukiwa unapiga picha ya mtu utaona kama amefumba macho wakati huohuo. Faida kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni mistari myeupe ya fremu. Ukiwa na lenzi ya milimita 50 unaona ndani ya mistari hiyo na nje yake pia, kwa hiyo anayekaribia kuingia kwenye picha unamwona kabla hajaingia. Udhaifu wake nao uko wazi: nyingi haziweki fokasi karibu zaidi ya mita 1 au 0.7, na lenzi zinazozidi milimita 135 hazifai kabisa. Mpiga picha wa ndege au wadudu achukue SLR.

Swali: Nimeambiwa kamera hizi hazihitaji betri wala haziharibiki. Ni kweli?

La kwanza linategemea modeli. Leica M3 ya 1954, Canon P na Zorki-4 hazitumii betri kabisa. Leica M6 iliyotoka 1984 inayo, lakini ni ya kipima mwanga tu. Ikiisha, kasi zote za shata (kile kinachofunguka na kufunga kuruhusu mwanga ufike kwenye filamu) zinaendelea kama kawaida. Canonet QL17 G-III bila betri inapoteza kipima mwanga na mpangilio wa otomatiki, ila ukipanga apecha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) na kasi mwenyewe inapiga. Angalia sana Yashica Electro 35: kwa sura ni ndugu yao, lakini shata yake inaongozwa kwa umeme, na betri ikiisha unabaki na kasi ya sekunde 1/500 peke yake.

Canonet ilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haiuzwi tena. Ukiweka ya alkali ya volti 1.5, kipimo kinaona mwanga mwingi kuliko uliopo na picha zinatoka na giza. Betri za zinki na hewa namba 675, zile za vifaa vya kusaidia kusikia, zina takriban volti 1.4 na zinakaribia zaidi. Ni ndogo, kwa hiyo zizungushie pete ili zisicheze. Bila kipima mwanga chochote, kwenye jua kali weka apecha ya f/16 na kasi inayokaribia namba ya ISO (wepesi wa filamu kushika mwanga): filamu ya ISO 100 kwa 1/125, ya ISO 400 kwa 1/500.

La pili si kweli. Mafuta ya ndani hukauka, nayo kamera hulegea polepole bila kukuonya. Ndiyo maana jibu linalofuata ni refu.

Swali: Nataka kununua ya mtumba. Nikague nini kabla ya kulipa?

Anza na kasi za chini. Weka sekunde 1, fyatua, sikiliza: mlio wa gia uende sawasawa mpaka mwisho. Ukikwama katikati au ukisuasua, mafuta yameganda kwenye gia za kuchelewesha shata. Kufyatua mara nyingi huiamsha kwa muda, lakini tiba ni kusafishwa na fundi na kutiwa mafuta mapya kidogo sana.

Kisha fungua mgongo, elekeza kamera dirishani na upige video kwa simu kwa fremu 240 kwa sekunde. Kasi ya 1/8 ionekane wazi kwa fremu kama 30, na 1/30 kwa fremu kama 8. Kasi za juu simu haiziwezi. Zipime kwa filamu. Piga ukuta wenye mwanga sawa kwa 1/60 f/16, 1/125 f/11, 1/250 f/8, 1/500 f/5.6 na 1/1000 f/4. Negativu zote zinapaswa kulingana. Kama ile ya 1/1000 ni nyepesi upande mmoja, mapazia mawili ya shata hayakimbii kwa mwendo mmoja na upenyo kati yake unabanwa njiani. Kamera ya namna hiyo inatumika vizuri hadi 1/250 au 1/500, lakini bei ishuke.

Mikunjo kwenye pazia la chuma la Canon P isikutishe. Mara nyingi ni alama ya kidole na shata inafanya kazi. Ukungu ndani ya lenzi ndio wa kuogopwa. Mulika tochi kupitia lenzi: nyuzi kama za buibui maana yake kuvu, na ikishaila kioo haifutiki.

Swali: Kwenye f/8 picha zangu ni kali, kwenye f/2 zimefifia. Lenzi mbovu?

Huenda renjifainda imehama. Lenzi ya milimita 50 kwenye f/2, kwa umbali wa mita 1, ina takriban sentimita 5 tu za ukali, kwa hiyo kosa dogo linaonekana, f/8 inalificha. Lenga mwezi au mnara ulio mbali zaidi ya kilomita 1 huku lenzi ikiwa mwisho wa mbali: taswira mbili zikae moja juu ya nyingine. Zikiachana kushoto na kulia, umbali unasomwa vibaya. Zikiachana juu na chini, umbali ni sahihi ila macho yanachoka. Halafu pima kwenye mita 1 kwa rula. Kama mbali ni sawa na karibu si sawa, jaribu lenzi nyingine kwanza; tatizo likibaki, mkono wa ndani ya kamera unaogusa lenzi unahitaji fundi.

Doa la katikati ya dirisha, lenye taswira mbili, likiwa hafifu, usifute kioo cha ndani kwa spiriti. Rangi yake hubanduka moja kwa moja. Kipande kidogo cha tepu nyeusi katikati ya dirisha kubwa la mbele huongeza utofauti.

Swali: Kuna nukta nyeupe mahali palepale kwenye kila picha.

Pazia la kitambaa limetobolewa na jua. Hakuna kioo mbele yake, kwa hiyo lenzi iliyo wazi ikielekezwa juani inalichoma. Toa lenzi, ingia chumba chenye giza, mulika kwa mbele na uchungulie kwa nyuma, shata ikiwa imekokwa (imevutwa tayari kufyatuliwa) kisha ikiwa haijakokwa, kwa sababu kila hali inaonyesha pazia tofauti. Tundu dogo huzibwa kwa tone jembamba la mpira mweusi wa maji. Likiwa nene pazia linakuwa zito na kasi zinaharibika. Juani funika lenzi, na ukumbuke kuifunua: dirisha halitakuonyesha kwamba bado imefunikwa.

Swali: Zorki-4 yangu inabadilika kasi nikigeuza kitufe wakati wowote?

Koka kwanza, kisha badilisha kasi. Ukigeuza kabla ya kukoka, namba unayoiona si ya kweli na unaweza kuharibu shata.

Swali: Filamu nzima imetoka tupu.

Filamu haikushika kwenye kijiti cha kuivuta. Baada ya kuipakia, kaza kidogo kitufe cha kurudishia filamu, kisha koka: kitufe hicho lazima kizunguke kila unapokoka.