Wifi Amevunjika Mguu, Nami Sitaki Kumwona

"Shangazi, shikamoo. Naishi Bagamoyo, nauza vitumbua. Nilikuwa kijumbe wa upatu wa watu 10, shilingi 20,000 kila wiki. Wifi yangu alipokea zamu ya pili, akachanga mpaka wiki ya nne, akaacha. Wiki sita zilizobaki nikamlipia mimi, jumla 120,000. Nilimfuata kwenye meza yake ya samaki nikamsema mbele ya wateja, na bado hajalipa. Sasa amegongwa na bodaboda, kavunjika mguu. Jumuiya wanakwenda kumjulia hali Jumamosi. Moyoni nimemsamehe, ila mlango wake sitaukanyaga. Nakosea? Mama Wawili."

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Laki na ishirini ya vitumbua ni alfajiri nyingi za kuamka watu wamelala, moshi machoni, mafuta yakikurukia mikononi. Siwezi kukuambia ni hela ndogo.

Lakini ndiyo, nadhani unakosea, na nakuambia kwa sababu nakupenda. Unasema umesamehe, huku barua yako inakumbuka mpaka idadi ya wiki. Mtume Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba upendo "hauhesabu mabaya", na neno la Kigiriki alilotumia ni la watu wa mahesabu, wanaoandika nani anadaiwa nini. Wewe kijumbe unalielewa hilo kuliko wengi wanaolihubiri.

Usinielewe vibaya. Deni libaki deni. Akipona, kaeni chini, mumeo awepo maana ni dada yake, mpange alipe kidogo kidogo. Na kwenye upatu usimwingize tena. Kumpenda hakukulazimishi kumkabidhi fedha za watu. Watu wengi kanisani wanayachanganya haya mawili, kisha anayedai haki yake anaonekana hana imani. Mimi sikubaliani nao.

Kilichonishtua kwenye barua yako ni lile la sokoni. Umelipitia haraka, kama jambo dogo. Mwanangu, yule mama anakula kwa ile meza. Ulimsema mbele ya watu wanaomnunulia. Yesu katika Mathayo sura ya 5 anasema ukileta sadaka yako ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache pale madhabahuni, ukapatane naye kwanza. Angalia vizuri: hasemi wewe ukiwa na neno juu yake. Anasema yeye akiwa na neno juu yako. Wifi yako analo, hata kama ni mdaiwa. Kwa hiyo safari hii si ya kumfanyia hisani mgonjwa. Ni yako.

Wewe ni mtu wa Bagamoyo, unaijua misheni iliyoanzishwa mwaka 1868 na mapadri wa Roho Mtakatifu, na kile kijiji chao cha watu waliokombolewa utumwani. Huwa nawafikiria sana wale watu. Walitolewa bara, kila mmoja na lugha yake, hana wifi wala shemeji wala shangazi wa kumlilia. Iliwabidi waanze undugu upya na mtu wa jirani ambaye jana hawakumjua. Wewe ndugu unaye, amelala na mguu uliovunjika.

Usingoje Jumamosi. Mbele ya jumuiya mtaimba, mtasali, mtaagana, na lenu litabaki pale pale. Nenda kesho jioni peke yako, na uji kwenye chupa ya chai. Habari ya fedha usiitaje kabisa, hata akiianza yeye. Mwambie tutaongea ukipona. Sema tu, "Wifi, pale sokoni nilikukosea." Akinyamaza, nyamaza naye. Akilia, mwache alie. Kisha uliza nani anawapikia watoto, na ukikuta ndoo ziko tupu, zichukue ukateke maji.