Kabla Hujampeleka Wakili Wako Kamati ya Nidhamu

Wateja wengi huiendea kamati ya nidhamu wakitaka kitu ambacho haina uwezo wa kuwapa: kufufuliwa kwa kesi iliyopotea. Kazi ya kamati ni leseni ya wakili. Inaweza kumpa onyo, kumtoza faini, kumsimamisha kwa muda au kufuta jina lake kwenye orodha ya mawakili. Baadhi ya kamati zina uwezo wa kuamuru arudishe ada. Hukumu ya mahakama haitenguliwi huko, na kushindwa kesi kwa sababu ushahidi wako ulikuwa hafifu si kosa la maadili.

Kinachowafutisha mawakili kwa haraka zaidi ni pesa. Pesa za mteja zinatakiwa kukaa kwenye akaunti ya wateja, mbali na za wakili mwenyewe. Fidia yako ikiingia, naye akaitumia kulipia pango la ofisi huku akipanga kuirudisha mwisho wa mwezi, kosa limeshatendeka. Katika jimbo la New Jersey, Marekani, tangu uamuzi wa mwaka 1979, wakili anayetumia pesa za mteja kwa kujua na bila ruhusa hufutwa karibu bila mjadala, hata kama alinuia kuzirudisha. Yapo pia kughushi sahihi, kuwatumikia wapinzani wawili kwa wakati mmoja, na mapenzi na mteja, ambayo kanuni za mfano za chama cha mawakili cha Marekani ziliyakataza waziwazi mwaka 2002, isipokuwa uhusiano uliokuwapo kabla ya kazi kuanza. Kutopokelewa simu mara mbili tatu hakufiki mbali.

Anza na masjala ya mahakama, kabla ya barua ya malalamiko. Omba nakala ya mwenendo wa kesi yako, yaani kumbukumbu za yaliyotokea mahakamani. Uiweke kando ya ujumbe aliokuwa akikutumia. Ujumbe wa tarehe 12 unaosema “kesi inakwenda vizuri, tusubiri hukumu”, ukikaa sambamba na mwenendo unaoonyesha shauri lilifutwa mwezi mmoja nyuma kwa sababu wakili hakutokea, una nguvu kuliko kurasa kumi za manung’uniko. Chapisha mazungumzo yote, namba na tarehe zikionekana. Ukikata vipande unavyovipenda, yeye ataleta vilivyobaki.

Barua yenyewe iwe fupi, kurasa mbili zinatosha: jina lake kama lilivyo kwenye leseni, namba ya kesi, tarehe uliyompa kazi, kila malipo na risiti yake, kisha alichofanya au kuacha kufanya, kwa mfuatano wa tarehe. Matusi yaache nyumbani. Ambatisha nakala, usitoe hati halisi. Kamati nyingi hudai hati ya kiapo, na malalamiko mengi hukwama hapo hapo kwa kukosa kiapo au sahihi.

Jambo ambalo watu huambiwa wakiwa wamechelewa: ukimlalamikia wakili, siri zako hazibaki salama zote. Anaruhusiwa kutoa yale yanayohitajika kujitetea, yakiwamo uliyomwambia mkiwa wawili. Fikiria kwanza.

Akishapata nakala ya malalamiko, simu huanza kulia. Atataka kukurudishia pesa ili ufute. Pokea, lakini saini risiti ya pesa tu, si barua ya kufuta malalamiko. Sehemu nyingi kamati huendelea hata mlalamikaji akijitoa, na California imepiga marufuku makubaliano ya aina hiyo. Kiwango cha ushahidi nacho hutofautiana. Marekani kwa kawaida hudai ushahidi ulio wazi na wenye kushawishi, zaidi ya ule wa kesi za madai. Baraza la nidhamu la masolisita wa Uingereza lilihamia kiwango cha madai mwaka 2019.

Huku hayo yakiendelea, na yanaweza kuchukua miaka, muda wa ukomo wa kesi yako, yaani muda wa mwisho wa kuifungua kisheria, hausimami. Tafuta wakili mwingine mara moja, na umdai jalada yule wa kwanza kwa maandishi. Akilishikilia kwa madai ya ada, angalia sheria ya mahali ulipo, maana kwingine anaruhusiwa na kwingine hapana.

Pesa hutafutwa kwa njia mbili nyingine. Kama ameziiba, uliza kama kuna mfuko wa fidia kwa wateja. Kila jimbo la Marekani lina wake, wenye kikomo chake, na haulipi uzembe. Uzembe hudaiwa mahakamani, na mlipaji huwa ni bima ya taaluma ya wakili. Bima hiyo kwa kawaida hulipa madai yanayowasilishwa ikiwa ingali hai, na wakili aliyefutwa mara nyingi huacha kuilipia. Mpelekee notisi ya madai mapema, jina lake likiwa bado kwenye orodha.