Sukari ya leo na wastani wa miezi mitatu

Binti yangu wa miaka tisa aliugua mwezi wa Oktoba, wakati ambapo joto na vumbi la Dodoma humfanya kila mtu anywe maji bila kuhesabu, na kwa sababu hiyo hatukuishangaa kiu yake. Cha kushangaza kilikuwa mkojo: mtoto aliyeacha kukojoa kitandani miaka mingi nyuma alianza tena, na shangazi yake aliyekuwa akifua ndiye aliyeona sisimizi wamejipanga kwenye shuka lililoachwa uani. Kufikia wiki ya pili, sketi ya shule ilikuwa inamteremka kiunoni.

Zahanati walimpima malaria, haikuonekana, tukapewa dawa ya maambukizi ya njia ya mkojo. Alipoanza kutapika tulimpeleka kituo kikubwa zaidi, akachomwa kidole, mashine ikasoma sukari 24.6 mmol/L. Daktari aliagiza pia kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu hivi iliyopita, na jibu lilipokuja asilimia 6.3, chini ya ile 6.5 inayotumika kutambua kisukari, akasema huenda sukari imepandishwa na homa, turudi baada ya wiki moja. Tulikuwa tumeshasimama kuondoka. Muuguzi wa zamu akamtazama mtoto anavyohema kwa nguvu kama aliyetoka kukimbia, akanusa pumzi yake iliyonukia matunda yaliyoiva kupita kiasi, akaomba mkojo. Kijiti cha kupimia ketoni, yaani asidi ambazo mwili hutengeneza unapochoma mafuta kwa kukosa insulini, kiligeuka zambarau iliyokoza mbele ya macho yetu, na usiku huo akalazwa kwa dripu na insulini.

Baadaye nilielewa kwamba majibu yale hayakupingana. HbA1c hupima sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu, ambazo huishi takribani siku 120. Kongosho likiacha kutoa insulini ndani ya wiki chache, wiki nyingi za sukari ya kawaida huzifunika zile chache mbaya. Selimundu, au kuongezewa damu karibuni, huweza kukipotosha kipimo hicho zaidi. Mwaka 2000 watafiti wa Japani walieleza kisukari cha kasi kubwa mno, ambacho HbA1c iliyo karibu na kawaida ni mojawapo ya alama zake.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, ukiona kiu, mkojo mwingi na kukonda vikienda pamoja, omba mtoto achomwe kidole siku hiyohiyo, bila kusubiri asubuhi akiwa hajala. Sukari ya wakati wowote ikifika 11.1 mmol/L pamoja na dalili hizo, mpeleke hospitali saa hiyo na uombe ketoni zipimwe, wastani wa miezi mitatu useme utakavyo. Mimi niliona haya kumbishia daktari, na bado ninajilaumu.

Januari tulirudia HbA1c, ikasoma 7.8, juu kuliko siku aliyolazwa, ingawa binti alikuwa amenenepa na anaruka kamba. Mganga wa kliniki akatueleza kwamba sasa ndipo kipimo hicho kinapofanya kazi yake hasa, yaani kuonyesha kama dozi za miezi iliyopita zilitosha, akaongeza yuniti mbili za usiku.