Ndege "ikistoli" maana yake injini imezima?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Kila ndege ikianguka nasikia eti "ilistoli", mbona wanasema injini zilikuwa zinafanya kazi? Na hao marubani hawafundishwi? Halafu ile mitikisiko ya mawinguni ndo stoli yenyewe?

JIBU: Salama ndugu yangu. Wengi wanachanganya hapo. Kwenye gari ndo injini inazima, kwenye ndege kinachostoli ni bawa. Hewa inatakiwa ipite juu ya bawa imelala vizuri, sasa ukiinua pua mno, mabawa mengi ni kama digrii 15 hivi kwa hewa inayokuja, hewa inabanduka na ndege inaanza kuporomoka hata kama injini zinanguruma zote.

Dawa yake ni kusukuma stiki (usukani wa rubani) mbele, pua ishuke, bawa lishike hewa tena. Ila hebu fikiria, unaanguka halafu unaambiwa elekeza pua chini! Mwili unakataa, mkono unavuta.

Na mafunzo ya zamani nayo yalichangia, mi sifichi. Miaka mingi rubani alipimwa asipoteze kimo, akisikia onyo tu anajaza nguvu ya injini na kuking'ang'ania kimo chake, tena ndani ya simuleta (mashine ya kuigiza kurusha ndege) na anajua kabisa zoezi linakuja saa ngapi. Ikaja 2009. Februari, karibu na Buffalo kule Marekani, stiki ikamtikisikia kapteni mkononi kumwonya, yeye akaivuta, wakafa watu 50. Juni, Air France 447 ya Rio kwenda Paris, barafu ikaziba vipimo vya spidi, otopailoti (mfumo wa ndege kujiendesha) ikajitoa, rubani akavuta pua mpaka kama futi 38,000, onyo la stoli likalia zaidi ya sekunde 50 mfululizo na bado pua iko juu, dakika 4 na kidogo tangu otopailoti itoke wakawa baharini, watu 228.

Siku hizi wanafundishwa pua kwanza, kimo baadaye, na huko juu hewa nyepesi unaweza kutoa sadaka maelfu ya futi, sawa tu. Nguvu ya injini nayo kwa utaratibu, maana injini zilizoning'inia chini ya bawa ukizijaza ghafla zinainua pua tena. Marekani ilitoa sheria 2013, na kuanzia 2019 rubani lazima aingie stoli kamili kwenye simuleta, maana simuleta za zamani hazikuwa na data za ndege ikishaingia stoli, zilikuwa zinabahatisha tu. Kwangu mimi kikubwa zaidi ni kule kumshtukiza rubani mazoezini, zoezi analolisubiri halimfundishi mtu kukabili mshtuko.

Mitikisiko ya mawinguni sio stoli, hiyo ni hewa tu imechafuka, we funga mkanda.